Kapasita ya Feni ya Bibi

 

Safu hii tunaiandika kwa zamu, na sharti lake mnalijua: kila mmoja aeleze kwa Kiswahili jambo moja analosoma darasani, bila kukimbilia Kiingereza anapokwama. Safari hii zamu ni yangu. Niko mwaka wa tatu, nasoma uhandisi wa malighafi, yaani plastiki, metali, vioo na vinginevyo, tunavichunguza vina tabia gani na kwa nini. Nakiri kwamba zamu hii nilitaka kuikwepa. Sababu yake ni feni.

Mama yangu ni mtu wa Tanga, mimi nimezaliwa Saint Paul. Likizo ya Desemba mwaka juzi tuliondoka Minneapolis theluji ikiwa imejaa barabarani, tukafika Tanga kaskazi imeshika na joto lake. Sebuleni kwa bibi kuna feni ya darini, ile wanayoiita pangaboi. Ukibonyeza swichi inaguna tu, haizunguki. Bibi alikuwa na dawa yake: anachukua mpini wa ufagio, anasukuma panga moja, na feni inaanza kuzunguka polepole kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Mjomba wangu ni fundi wa feni na redio pale Ngamiani. Alipokuja kutusalimu aliisikiliza kidogo, akasema, "Kapasita imekufa hii." Alizima umeme kwenye swichi kubwa, akapanda juu ya meza, akafungua kifuniko, akatoa kiboksi cheusi cha plastiki kinacholingana na kibiriti. Kabla ya kukishika aligusanisha nyaya zake mbili kwa bisibisi. "Hata ukizima umeme, huyu anaweza kuwa bado ameubeba," aliniambia. Kiboksi kilikuwa kimeandikwa mikrofaradi 2.5. Mita yake ilisoma 1.2. Aliweka kipya, na feni ikazunguka mpaka magazeti ya bibi yakaruka.

Tulipokuwa tunakula akaniuliza, "Mpwa wangu, wewe unasoma uhandisi huko Amerika. Hizi kapasita za plastiki kwa nini zinachoka? Na kwa nini wasitengeneze iliyo ndogo zaidi na yenye nguvu zaidi, tukapumzika?"

Mtihani wa mambo hayo hayo nilikuwa nimeufanya miezi miwili kabla, na nilifaulu. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Unajua mjomba, ile daielektriki..." Nikanyamaza. Maneno yote niliyokuwa nayo yalikuwa ya Kiingereza, na mjomba Kiingereza chake ni cha kusoma maandishi ya kwenye spea. Bibi akaniokoa: "Mwacheni mtoto ale." Nikala. Hakuna aliyenicheka wala kunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Wote waliona ni kawaida kwamba mtoto wa Amerika anajua kuomba chumvi kwa Kiswahili lakini hajui kueleza kazi yake.

Basi leo najibu maswali mawili ya mjomba, nimechelewa kama mwaka mmoja na nusu.

Kapasita ni kitu chepesi kueleweka. Ni metali mbili zilizokaa karibu bila kugusana, na katikati yake kuna kitu kisichopitisha umeme, yaani kihami. Ukiunganisha na umeme, upande mmoja unajaa chaji chanya na mwingine unajaa chaji hasi. Zinavutana lakini hazifikiani, kwa sababu kihami kimekaa njiani. Kwa hiyo zinangoja hapo, na hiyo ndiyo akiba. Kwenye feni, kapasita inasaidia kuutanguliza mkondo wa waya mmoja usiende sambamba na wa waya wa pili, na tofauti hiyo ndogo ya wakati ndiyo inayoipa mota mwelekeo wa kuzunguka. Kapasita ikidhoofika, mota haijui ianzie upande gani. Ndiyo maana ufagio wa bibi ulikuwa unafanya kazi.

Kiasi cha chaji ambacho kapasita inaweza kushika kinategemea mambo matatu. La kwanza ni eneo la metali: likiwa kubwa, akiba inakuwa kubwa. La pili ni unene wa kihami: kikiwa chembamba, akiba inakuwa kubwa, kwa sababu chaji za pande mbili zinakaribiana. La tatu ni kihami chenyewe kimetengenezwa kwa kitu gani. Hili la tatu ndilo nililoshindwa kulisema mezani.

Ndani ya kile kiboksi cheusi kuna filamu ya plastiki iliyokunjwa kama gurudumu la selotepu. Plastiki hiyo ni polipropilini, ile ile inayofumwa viroba vya mchele, ila hapa ni nyembamba mno. Nilipiga hesabu. Tuseme filamu ina unene wa mikrometa 6, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya unywele. Ili kupata mikrofaradi 2.5 unahitaji eneo la karibu robo tatu ya mita ya mraba. Kipande kimoja cha kanga kina kama mita moja na nusu za mraba na ushee. Kwa hiyo kila feni ya darini imebeba ndani yake karibu nusu ya kanga, imekunjwa ikaingia kwenye kibiriti.

Sasa lile jambo la tatu. Kihami hakipitishi umeme, lakini hilo halimaanishi kwamba hakina habari. Kila molekuli ina sehemu chanya na sehemu hasi. Umeme ukija, sehemu chanya zinavutwa huku na hasi zinavutwa kule. Hakuna kinachotoka mahali pake kwenda upande wa pili, ila kila molekuli inajinyoosha au inageuka kidogo. Kugeuka huko kunapunguza msukumano wa chaji zilizoko kwenye metali, hivyo metali zinaweza kupokea chaji nyingine zaidi. Kipimo cha tabia hiyo wataalamu wanakiita pemitiviti. Pasipo kitu chochote ni 1, na hewa ni karibu 1 vilevile. Polipropilini ni 2.2. Plastiki ya chupa za soda inazidi 3 kidogo. Maji safi ni karibu 80. Kuna unga mmoja wa kauri, bariamu titaneti, ambao unafikia maelfu.

Kihami chenye tabia hii ndicho kinachoitwa daielektriki. Na hapa kuna kisa ambacho nadhani walimu wetu watakipenda. Katika miaka ya 1830 Michael Faraday, mtoto wa mhunzi ambaye hakusoma sana shuleni, alikuwa anagundua mambo maabarani London na hana maneno ya kuyaita. Alimwandikia barua William Whewell wa Cambridge, mtu aliyezijua lugha za kale, amsaidie kuunda majina. Anodi, kathodi, ioni na daielektriki yalipatikana kwa barua hizo. Kwa hiyo hata Kiingereza hakikuzaliwa na maneno haya. Fundi alikwama, akamwendea mtu wa lugha.

Nirudi kwa mjomba. Swali la kwanza: kwa nini zinachoka? Metali ya kwenye filamu haikubandikwa kama karatasi ya fedha. Imepuliziwa kama mvuke, na unene wake ni makumi machache tu ya nanometa. Hilo limefanywa makusudi. Filamu ikiwa na sehemu dhaifu, umeme unapenya hapo kwa cheche ndogo. Cheche hiyo inaichoma metali iliyozunguka tundu, metali inayeyuka na kupotea, na tundu linabaki peke yake bila kuleta madhara. Kapasita imejitibu, feni haikuzimika, na wewe hukusikia chochote. Lakini kila tiba inakula kipande cha eneo. Umeme ukipanda na kushuka, joto la darini likizidi, cheche zinaongezeka. Miaka inapita, nusu kanga inakuwa robo kanga, mita inasoma 1.2, na bibi anatafuta ufagio.

Swali la pili: kwa nini wasitengeneze ndogo yenye nguvu? Jibu rahisi lingekuwa: tafuteni plastiki yenye pemitiviti kubwa. Nayo ipo. Inaitwa PVDF, ni polima yenye atomu za florini upande mmoja wa mnyororo na haidrojeni upande mwingine, kwa hiyo kila kipande chake kina ncha chanya na ncha hasi zilizo dhahiri. Pemitiviti yake ni kama 10 hadi 12. Kwa unene ule ule, badala ya nusu kanga ungehitaji eneo la hanchifu.

Tatizo ni joto. Umeme wa Tanga unageuka mara 50 kwa sekunde, wa hapa Minnesota mara 60. Kwenye polipropilini kinachosogea ni elektroni, nazo ni nyepesi, zinakwenda na kurudi bila kulalamika. Kwenye PVDF vipande vizima vya mnyororo vinapaswa kugeuka, vinasuguana na majirani, na kila msuguano unageuza sehemu ya akiba kuwa joto. Kiasi kinachopotea kinaweza kuzidi cha polipropilini mara makumi hata mara mia. Kapasita ya hanchifu ingekaa juu ya dari yenye joto, ikijipasha moto yenyewe. Polipropilini imeshinda kwa miaka mingi kwa sababu ya utulivu wake, ingawa namba yake ni ndogo.

Njia ya pili ni kuchanganya: chukua polima, tia unga wa bariamu titaneti. Mtu angefikiri ukichanganya nusu kwa nusu cha 3 na cha elfu kadhaa utapata wastani mkubwa. Hupati. Umeme unakwepa chembe za kauri na kujibana kwenye plastiki iliyo katikati yake, na plastiki ndiyo dhaifu. Matokeo yake mchanganyiko unafika karibu na 20 tu, na ukizidisha unga unakuwa kama uji uliojaa mchanga: unavunjika na kuacha matundu. Hata hivyo 20 ina kazi yake. Kampuni ya 3M, ambayo makao yake makuu yako Maplewood, jirani na Saint Paul, ilitengeneza utando wa namna hii: epoksi iliyojazwa bariamu titaneti, unene wa mikrometa kumi na kitu, katikati ya karatasi mbili za shaba. Utando huo unawekwa ndani ya ubao wa saketi wenyewe, kwa hiyo ubao wote unakuwa kapasita na vile vidogo vingi vya juu vinapungua. Wengi wetu tunapita barabara kuu ya 94 mbele ya majengo hayo tukidhani wanatengeneza selotepu peke yake.

Njia ya tatu ilifanyiwa kazi hapa hapa Chuo Kikuu cha Minnesota. Ukiwa kwenye treni ya Green Line, ukifika Washington Avenue, jengo la Amundson liko kando yako. Mwaka 2008 Jeong Ho Cho na wenzake, wakiwa na maprofesa Daniel Frisbie na Timothy Lodge, walichapisha katika jarida la Nature Materials kazi juu ya jeli ya ioni. Shida yao haikuwa feni. Walitaka kuchapa transista juu ya plastiki inayokunjika, kwa mashine, kama tunavyochapa maandishi. Transista inahitaji kihami ambacho volti ndogo upande mmoja inaweza kukusanya chaji nyingi upande wa pili. Kihami kinene cha kawaida kinadai makumi ya volti, na betri ndogo haina volti hizo.

Jeli yao imefanywa hivi. Kuna chumvi ambayo ni majimaji hata ikiwa baridi ya chumbani, yaani yote ni ioni tupu. Ndani yake inatiwa polima kidogo yenye sehemu tatu: ncha mbili haziipendi chumvi hiyo, sehemu ya kati inaipenda. Ncha zinakimbilia kukusanyika pamoja, sehemu za kati zinatanda, na wavu unatokea. Polima kidogo inashika majimaji mengi, kama unga kidogo wa jeli unavyoshika bakuli zima la maji. Ukiweka volti, ioni zinasafiri hadi ukingoni na kujipanga katika tabaka lenye unene wa nanometa moja hivi. Kumbuka jambo la pili kati ya yale matatu: wembamba. Hapa hawakukuza pemitiviti sana. Walipunguza umbali mpaka ukakaribia ukubwa wa molekuli. Kihami cha kawaida cha oksaidi ya silikoni chenye unene wa nanometa 300 kinashika kama nanofaradi 11 kwa sentimeta ya mraba. Jeli ya ioni inafika kwenye mikrofaradi kama 10, karibu mara elfu moja. Transista ikafanya kazi kwa volti chache.

Jeli hii ina udhaifu wake pia. Ioni ni nzito kuliko elektroni, zinachukua muda kufika. Vihami vya polima na chumvi vilivyotangulia vilikuwa vinashindwa kabla ya mara 100 kwa sekunde; jeli hii ilifikisha maelfu, na huo ndio uliokuwa ushindi wake. Kwa kibandiko cha kupima joto la mwili inatosha. Kwa simu inayofanya mabilioni, haitoshi. Na kwa feni ya bibi haifai hata kidogo: volti 230 zingeivunjavunja, maana yenyewe inavumilia volti chache tu.

Mwezi uliopita nilimpigia mjomba simu. Huku ilikuwa asubuhi, kule jioni. Nilianza, "Shikamoo mjomba, nina jibu lako." Akasema, "Marahaba. Jibu la nini?" Alikuwa amesahau swali. Nilimweleza habari ya nusu kanga, ya cheche, ya vipande vinavyosuguana. Nilikwama mara mbili, na mara zote mbili yeye ndiye aliyenipa neno. Niliposema kapasita "inajichoma kidogo kidogo ili isife," akasema, "Inajitibu." Nimelitumia hapo juu, ni lake. Nilipomaliza akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa nimeelewa kwa nini zile za bei poa zinavimba. Ni joto. Mimi joto hilo nalishika kwa mkono kila siku." Akaniuliza bei ya filamu. Sikuijua. Hiyo ni kazi ya zamu nyingine.

Bibi alikuwa amekaa karibu naye, simu iko kwenye spika. Nikamwuliza kama ameelewa. Akasema, "Nimeelewa. Ni kama mlinzi mzuri. Ukimsalimu anakuitikia, lakini mlango hafungui."

Nimesoma vitabu viwili juu ya jambo hili na sikukuta maelezo yanayoshinda hayo. Neno la Kiingereza linatokana na kuruhusu, na kila mwaka linawapoteza wanafunzi, kwa sababu kihami hakiruhusu kitu. Bibi amesema kuitikia. Kama msikivu ana usikivu, basi kihami kinachoitikia kina uitikivu. Polipropilini ina uitikivu wa 2.2, PVDF ina 11, maji yana 80. Nimeisema sentensi hiyo kwa sauti jikoni, na mama aliyekuwa anakata vitunguu hakugeuka kuniuliza nimesema nini. Nimelichukulia hilo kama ushahidi.

Lakini mimi ni fundi wa plastiki, si mtu wa lugha. Kwa hiyo nafanya kama Faraday: nawaandikia walimu wetu. Je, uitikivu linasimama? Na hiyo daielektriki tuiite kihami tu, au tuitafutie jina linaloonyesha kwamba inaitikia? Wenzangu ambao wazee wenu ni mafundi, waulizeni pia, iwe wako Mombasa, Bukavu au hapa Brooklyn Park. Majibu yaleteni kwenye kikao cha klabu, tuyachape toleo lijalo. Mjomba ameomba nimtumie nakala. Amesema ataibandika dukani.